Santuri moja, pande mbili: katika roki ya gereji ya miaka ya 1960, ipi ungeichagua?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi,

Naomba tujadili jambo ambalo mashabiki wa roki ya zamani hulipita juujuu. Iwapo ungeruhusiwa kubaki na santuri ndogo moja tu kutoka zama za bendi za gereji za Marekani (bendi za vijana waliofanyia mazoezi kwenye gereji za nyumbani), yaani takriban mwaka 1963 hadi 1968, na ukatakiwa kuihukumu kwa pande zote mbili badala ya ule uliopigwa redioni peke yake, ungechagua ipi? Sharti langu ni moja, nami nitalishikilia: upande wa pili uwe wimbo unaoweza kusimama wenyewe. Wimbo mkubwa uliofungwa pamoja na kijazio hautoshi, hata ukiwa mkubwa kiasi gani.

Nina sababu ya kuweka sharti hilo. Wengi wetu tumezifahamu bendi hizi kupitia mikusanyo, yaani albamu zinazokusanya nyimbo za bendi mbalimbali. Mwaka 1972 kampuni ya Elektra ilitoa Nuggets, albamu ya sahani mbili yenye nyimbo 27 iliyoandaliwa na Lenny Kaye, wakati ambapo nyimbo hizo zilikuwa zimeanza kusahaulika ingawa hazikuwa na hata miaka kumi. Baadaye ulikuja mfululizo wa Pebbles, kisha kuanzia mwaka 1983 Back from the Grave wa lebo ya Crypt, ambao ulichimba zaidi hadi kwa bendi zilizojulikana katika mji wao tu. Bila kazi hiyo nisingekuwa na uzi wa kuanzisha. Hata hivyo, mkusanyo una tabia ya kuchukua wimbo mmoja na kumwacha mwenzake. Ikumbukwe kwamba bendi nyingi za vijana wale hazikuwahi kutoa albamu. Walikusanya fedha, wakaingia studio mara moja, wakachapisha nakala chache za santuri moja, kisha mmoja akaitwa jeshini, mwingine akaenda chuo, na bendi ikafa. Pande hizo mbili ndizo kazi yao yote. Anayesikiliza upande mmoja pekee ameachia nusu ya kila kitu walichoacha duniani.

Kwa wasomaji wa kwetu nieleze kidogo, maana sisi santuri ndogo tuliirithi kwa matumizi tofauti. Sahani ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika ililetwa sokoni na RCA Victor mwaka 1949, na kila upande ulibeba kwa kawaida wimbo wa dakika mbili na nusu hadi tatu. Huku Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970, bendi za rumba na benga zilikuwa na nyimbo ndefu kuliko nafasi hiyo, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na mara nyingi utamu wa magitaa ulianzia baada ya kugeuza. Msikilizaji wetu aligeuza santuri kwa sababu wimbo haujaisha. Msikilizaji wa Marekani hakulazimika kugeuza chochote, kwani wimbo alioununulia santuri ulikuwa umekwisha. Ndiyo maana upande B, yaani ule wa pili, kule ulikuwa mahali ambapo bendi ingeweza kuzembea bila kulaumiwa, au kuthubutu bila kuzuiwa, na mimi navutiwa na hao waliothubutu.

Kuzembea kulikuwa na faida yake ya fedha, na jambo hili linaeleza mengi. Tangu sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 hadi mwisho wa mwaka 1977, mrabaha wa kisheria kwa mtunzi ulikuwa senti 2 kwa kila wimbo katika kila nakala, na sheria haikuuliza kama wimbo uko upande A au upande B. Kwa maneno mengine, mtunzi wa kijazio alilipwa sawasawa na mtunzi wa wimbo uliouza santuri. Ndipo ukaona maprodyuza wakipenyeza tungo zao upande wa pili. Wapo pia walioweka huko muziki mtupu usio na maneno ili mtangazaji wa redio asije akageuza santuri na kupiga wimbo usiokusudiwa. Prodyuza Phil Spector alijulikana kwa mbinu hiyo.

Sasa nije kwenye wagombea wenyewe. Naanza na ile ambayo najua itatajwa kwanza, ili tuiondoe mezani kwa heshima zote. Louie Louie ya The Kingsmen ilirekodiwa Portland, Oregon, mwezi Aprili 1963, kwa gharama ya takriban dola 50, na ilifika nafasi ya 2 katika chati ya jarida la Billboard. Jack Ely aliimba bila kusikika maneno, wazazi wakaamini kuna matusi, na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikaichunguza kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kukiri kwamba haieleweki. Ni wimbo muhimu kuliko karibu nyimbo zote nitakazozitaja. Lakini geuza santuri: Haunted Castle ni muziki mtupu ambao bendi yenyewe haikuwahi kujulikana kwa huo. Kwa sharti letu, imeshindwa. Inanivutia, hata hivyo, kwamba wimbo huohuo ulizaliwa upande B. Richard Berry, mwanamuziki Mweusi wa Los Angeles, aliutoa mwaka 1957 na kundi lake la The Pharaohs, ukiwa nyuma ya You Are My Sunshine, na pigo lake la msingi alilichukua kutoka kwa chacha ya René Touzet, mpiga kinanda wa Kuba. Kuba hiyohiyo ndiyo iliyowapa wanamuziki wa Leopoldville (Kinshasa ya leo) chacha na rumba zao kupitia santuri zilizovuka bahari katika miaka ileile, kwa hiyo Mswahili anayesikia Louie Louie kwa mara ya kwanza na kuhisi kwamba mwendo wake si mgeni kabisa ana haki ya kuhisi hivyo. Berry aliuza haki zake za wimbo kwa dola 750 kabla haujawa maarufu.

Psychotic Reaction ya Count Five, kutoka San Jose, ilifika nafasi ya 5 mwaka 1966, lakini upande wake wa pili ni mwepesi mno. Hali ni hiyohiyo kwa nyimbo nyingi zilizofanikiwa kitaifa: mafanikio yaliwaangukia upande mmoja, na ule mwingine ukabaki kama pazia.

Mgombea mzito kweli ni The Music Machine wa Los Angeles, na Talk Talk yao ya mwaka 1966 iliyofika nafasi ya 15. Wimbo huo hautimizi hata dakika mbili. Vyombo vimeshushwa sauti chini ya kawaida ili vikoromee, na Sean Bonniwell anaimba kwa sauti nzito ya mtu aliyekwisha hukumiwa na watu wote na hana tena haja ya kujitetea. Walivaa nyeusi tupu, na glavu nyeusi mkono mmoja. Upande wa pili, Come On In, pia ni utungo wa Bonniwell, na unakwenda kinyume kabisa: polepole, wa kuvizia, wa kukaribisha kwa namna inayomtia mtu wasiwasi. Ukizisikiliza zikifuatana unaelewa kwamba huyu hakuwa kijana aliyebahatisha kelele moja nzuri. Alikuwa mtunzi aliyejua anachofanya. Santuri hii naiheshimu sana, na kwa muda mrefu ilikuwa jibu langu.

Lakini jibu langu leo ni The Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington: The Witch upande mmoja, Psycho upande wa pili, lebo ya Etiquette.

Ili santuri hii ieleweke, lazima mji ueleweke. Kaskazini-Magharibi mwa Marekani kulikuwa na bendi za namna hii hata kabla ya The Beatles kuonekana katika televisheni ya Marekani mwezi Februari 1964 na kila kijana wa nchi hiyo kutaka gitaa. The Wailers wa Tacoma walikuwa na wimbo katika chati za taifa tangu mwaka 1959, na wanabendi hao hao ndio walioanzisha Etiquette ili wasitegemee makampuni ya mbali. Mwaka 1961 waliitoa Louie Louie yao wenyewe, ikiimbwa na Rockin' Robin Roberts, miaka miwili kabla ya The Kingsmen. Muziki wa kule ulitoka katika kumbi za dansi, ambako vijana walitaka mapigo mazito na saksafoni, nao waliwasikiliza Little Richard na Ray Charles kwa uaminifu mkubwa. Wapiga muziki weupe wa Tacoma walijifunza kutoka kwa wanamuziki Weusi kwanza, Waingereza wakafuata baadaye. Ndiyo maana The Sonics, hata walipokuwa wakali kuliko bendi zote za wakati wao, hawakuitupa saksafoni.

Walikuwa watano: Gerry Roslie mwimbaji na mpiga kinanda, ndugu wawili Larry Parypa kwenye gitaa na Andy Parypa kwenye besi, Rob Lind kwenye saksafoni, na Bob Bennett kwenye dramu. The Witch ilirekodiwa kwa fundi Kearney Barton wa Seattle na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1964. Gitaa, besi na saksafoni vinalipiga pigo moja zito kwa pamoja, kisha Roslie anaingia kuwaonya vijana kuhusu msichana mgeni mjini mwenye nywele nyeusi ndefu na gari kubwa jeusi. Hakuna hadithi zaidi ya hiyo, wala haihitajiki. Kila anapomaliza kifungu, Bennett anajaza pengo kwa dramu kana kwamba anataka kuivunja, na sauti ya jumla imekwaruzika kwa sababu vyombo vilipigwa kwa nguvu kuliko mitambo ilivyoweza kubeba. Fundi mwenye kufuata taratibu angewaambia wapunguze. Iliyobaki kwenye sahani ndiyo sauti ya watu ambao hawakupunguza.

Psycho ni ya mwaka 1965. Inaanza kwa dramu peke yake, Roslie anapiga ukelele, na kuanzia hapo hadi mwisho hakuna mahali pa kupumulia. Anasema msichana anamtia wazimu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kusikiliza muziki nilimwamini mwimbaji anayesema hivyo. Ukelele wake una asili kwa Little Richard, hilo halina shaka, lakini Little Richard alipopiga ukelele ulisikia furaha. Kwa Roslie unasikia mtu anayepoteza kitu akiwa anakitazama.

Na hapa ndipo ninapoona ubora wa santuri hii kama santuri, si kama nyimbo mbili zilizokutana kwa ajali. Katika The Witch hatari iko nje: imekuja mjini na gari lake, na mwimbaji anawaonya wenzake wajihadhari. Katika Psycho hatari imehamia ndani ya kichwa cha mwimbaji mwenyewe, na hakuna wa kumwonya. Mwenye akili timamu wa upande wa kwanza ndiye mgonjwa wa upande wa pili. Sidai kwamba vijana wale walikaa chini wakapanga hivyo. Nadai kwamba ndivyo zinavyosikika, na kwamba hakuna santuri nyingine ya zama zile ambayo kugeuza kwake kunabadilisha maana ya ulichokwisha kusikia.

Karibuni kwa hoja. Naomba tusiorodheshe majina tu. Mtu aeleze upande wake wa pili una nini.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, uzi wako umeshiba, lakini kuna jambo umelipita haraka na ni kubwa. The Witch ilipotoka mwaka 1964 haikuwa na Psycho nyuma yake. Upande wa pili wa toleo la kwanza ulikuwa Keep A-Knockin', wimbo wa Little Richard waliourudia. Psycho iliwekwa baadaye, santuri ilipokuwa tayari inauzwa. Sasa nakuuliza kwa heshima: ukiwa umesema unahukumu santuri kama kazi moja, unawezaje kuchagua jozi ambayo haikuzaliwa pamoja? Huoni kwamba hiyo inakaribia kuwa mkusanyo wa nyimbo mbili, jambo lilelile ulilolilalamikia?

Mimi nawasilisha santuri ambayo pande zake zilizaliwa siku moja: You're Gonna Miss Me na Tried to Hide, za 13th Floor Elevators wa Austin, Texas, mwaka 1966. Wimbo wa kwanza ni wa Roky Erickson, ambaye alikuwa amekwisha kuurekodi mwaka 1965 na bendi yake ya awali, The Spades. Ukilinganisha matoleo hayo mawili utaona kazi ya Tommy Hall na ule mtungi wake aliokuwa akiupulizia mbele ya kipaza sauti, ambao hutoa sauti ya kububujika isiyofanana na chombo chochote kingine katika roki. Toleo la The Spades ni wimbo mzuri wa vijana wenye hasira. Toleo la Elevators linaonekana kutoka mahali ambapo hasira imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Wimbo ulifika nafasi ya 55 tu kitaifa, lakini nafasi ya chati haipimi chochote hapa.

Upande wa pili, Tried to Hide, ni utungo wa Hall na mpiga gitaa Stacy Sutherland, kwa hiyo tayari unasikia fikra za watu wengine wa bendi, si Erickson peke yake. Una kinanda cha mdomo, una mwendo wa kukimbia, na maneno yake yanamshambulia mtu anayejifanya anajua asichokijua. Upande A ni kilio cha aliyeachwa, upande B ni lawama kwa mnafiki. Bendi nzima imo humo katika dakika tano.

Mchangiaji wa pili

Salaam kwenu. Ningependa tulitazame upya lile sharti la mwanzisha uzi, kwa sababu naliona linawapendelea waliokuwa watunzi na kuwaonea wapigaji. Bendi za gereji ziliishi kwa kurudia nyimbo za wengine kwenye kumbi za dansi. Huo ndio ulikuwa ufundi wao. Kumnyima mtu alama kwa sababu upande wake wa pili ni wimbo wa kuazima ni kumhukumu mpiga dansi kwa kutokuwa mshairi.

Chukueni Gloria. Van Morrison na bendi yake ya Them, ya Belfast, waliitoa mwaka 1964 ikiwa upande B wa Baby, Please Don't Go, ambayo nayo ni bluzi ya zamani waliyoirudia. Ikiwa tunatafuta santuri ambayo kila upande ungeweza kuwa wa kwanza, hiyo haina mpinzani, na upande A wake ni wa kuazima! Gloria ina kodi (chords) tatu tu za gitaa, kwa hiyo kijana yeyote aliyekuwa na gitaa kwa wiki mbili aliweza kuipiga, na karibu kila bendi ya gereji Marekani iliipiga. The Shadows of Knight, vijana wa vitongoji vya Chicago, waliirekodi na kufika nayo nafasi ya 10 mwaka 1966, baada ya kubadilisha mstari mmoja kuhusu msichana kuingia chumbani ili redio zisiukatae. Them walitoka Ireland Kaskazini na si Marekani, ninajua, lakini roki ya gereji bila santuri ile isingesikika kama tunavyoijua.

Mchangiaji wa tatu

Nimewasoma wote kwa makini. Hakuna aliyetaja The Squires wa Bristol, Connecticut, nami naona ni kosa kubwa. Santuri yao ya mwaka 1966 kwa lebo ya Atco, Going All the Way na Go Ahead, ndiyo mfano ulio wazi kabisa wa hoja ya mwanzisha uzi kuhusu mikusanyo. Going All the Way imo katika toleo la kwanza la Pebbles na kila mpenzi wa muziki huu anaijua: gitaa lililokwaruzwa, hamu ya kijana isiyofichwa, mwendo wa kuharakisha. Waulizeni hao hao kuhusu Go Ahead, na wengi watanyamaza. Ni wimbo wa gitaa linalolia kwa uangavu, sauti zikipangwa kwa upole, huzuni yake ikiwa imetulia, na kwangu mimi ndio ulio bora kati ya hizo mbili. Mkusanyo uliwafanya The Squires waonekane bendi ya kelele. Santuri inaonyesha kwamba walikuwa na moyo wa namna mbili.

Pia naomba tuwakumbuke The Brogues wa Merced, California, mwaka 1965. I Ain't No Miracle Worker iliandikwa na wanawake wawili, Annette Tucker na Nancie Mantz, wale wale walioandika wimbo uliowapa umaarufu The Electric Prunes mwaka uliofuata. Katika muziki unaodhaniwa kuwa wa wavulana watupu, jambo hilo linastahili kusemwa kwa sauti. Mwimbaji anakiri kwamba yeye si mtenda miujiza, anafanya anachoweza tu, na unyonge huo ni adimu katikati ya majigambo ya wenzake. Upande wa pili, Don't Shoot Me Down, unarudisha ukali wote uliokuwa umezuiwa. Wawili kati ya vijana hao, Gary Duncan na Greg Elmore, walikwenda baadaye kuanzisha Quicksilver Messenger Service huko San Francisco.

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa michango ambayo imenilazimu kurudi kwenye spika na kusikiliza upya.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja yako kuhusu Keep A-Knockin' ni ya haki na inastahili jibu kamili. Ni kweli jozi ile haikuzaliwa pamoja. Lakini tazama kilichobadilishwa na kilichowekwa mahali pake. Keep A-Knockin' ilikuwa ni The Sonics wakimshukuru mwalimu wao, na senti za utunzi zilikwenda kwa wenye wimbo. Psycho ni utungo wa Roslie mwenyewe. Katika miezi michache tu iliyopita kati ya matoleo hayo mawili, bendi ilikuwa imetoka kwenye kumrudia Little Richard hadi kusema jambo lake kwa ukelele waliojifunza kwake, na santuri ileile, yenye The Witch ileile mbele, ikabeba badiliko hilo. Mkusanyo hutengenezwa na mtu wa nje, miaka baadaye, bila bendi kujua. Hii ilitengenezwa na lebo yao, mjini mwao, bendi ikiwa hai na kumbi zikiwa zimejaa. Kwangu hiyo ni kazi moja iliyokamilishwa kwa awamu mbili. Mwenye toleo la kwanza ana santuri ya thamani zaidi sokoni. Mwenye la pili ana santuri bora.

Kuhusu Elevators, nakubaliana nawe juu ya kila kitu isipokuwa mizani. Tried to Hide ni wimbo mzuri, lakini kila ninapoufikia natamani kurudi upande wa kwanza, na sijawahi kusikia hivyo nikiwa na Psycho. Erickson anapopiga ukelele mwanzoni mwa You're Gonna Miss Me, ni yeye na Roslie tu katika bara lile walioweza kukaribiana, na ninaelewa kabisa kwa nini mtu angemchagua yeye.

Mchangiaji wa pili, sikukusudia kuwanyima alama waliorudia nyimbo za wengine, na sharti langu halikusema hivyo. Lilisema upande wa pili usimame wenyewe. The Litter wa Minneapolis, kwa mfano, waliweka A Legal Matter ya The Who nyuma ya Action Woman mwaka 1967, na waliipiga vizuri. Tatizo langu ni kwamba nikiisikia nawakumbuka The Who. The Zakary Thaks wa Corpus Christi waliweka I Need You ya The Kinks nyuma ya Bad Girl yao, wakaipiga kwa nguvu inayokaribia kunishawishi, maana kwa dakika mbili nzima nilisahau wenyewe. Hapo ndipo mpaka ulipo kwangu. Santuri ya Them inavuka mpaka huo bila shida yoyote, na nisingeweka mipaka ya nchi mwanzoni mwa uzi huu ingenipa taabu kubwa kuliko zote. Ila mipaka hiyo nitaiacha ilivyo, kwa sababu tukiwafungulia mlango Belfast itabidi tuwafungulie pia The Monks, ambao ni Wamarekani lakini walikuwa askari waliobaki Ujerumani, wakanyoa utosi kama watawa na kutoa Complication na Oh, How to Do Now kule mwaka 1966, na baada yao tutakuwa na bendi zote za Uholanzi na Sweden mlangoni.

Mchangiaji wa tatu, wewe umenisogeza. Go Ahead nilikuwa nimeisikia bila kuipa nafasi, nikiisubiri iwe Going All the Way nyingine, na haikuwa. Nimeisikiliza tena ikiwa ya kwanza, kabla ya mwenzake, na hoja yako imesimama. Naiweka The Squires nafasi ya pili, juu ya The Music Machine, na tofauti kati yake na The Sonics imebaki kuwa ndogo: The Squires wanatuonyesha nyuso mbili za bendi, wakati The Sonics wanatuonyesha uso mmoja ukibadilika mbele yetu. Anayependa la kwanza ana haki ya kuwachagua The Squires.

Kuhusu The Brogues, naomba wenye uzoefu wa bendi za California ya kati waongeze, hasa kuhusu santuri za miji midogo kama Merced ambazo hazikuingia kwenye mkusanyo wowote mkubwa. Na kama kuna mwanajamvi mwenye nakala ya The Lyrics wa Carlsbad, ile ya mwaka 1965 yenye So What!! upande mmoja na They Can't Hurt Me upande wa pili, atueleze ni upande gani kati ya hizo mbili uliochakaa zaidi kwa kupigwa.